Kifaa Kilichobaki

Kila asubuhi Fundi Baridi aliisikiliza nyumba yake kabla ya kufungua mlango wa karakana. Ilikuwa tabia ya kazi. Mtu aliyetengeneza mafriji maisha yake yote huzoea kuyaamini masikio kuliko macho, na yeye masikio yake yalimtosha kujua kila kinachoendelea nyuma ya ukuta: kifuniko cha sufuria kikiwekwa kando, mkewe akiimba kwa sauti isiyokaa kwenye wimbo wowote, kisha chai ikimiminwa kikombeni. Mlio wa chai huanzia chini na kupanda kadiri kikombe kinavyojaa. Ukifika juu hukatika, na hapo mkewe huita, "Fundi, njoo kabla sijakunywea."

Asubuhi hiyo mlio ulipanda, ukafika juu, wala haukukatika.

Aliguna, akidhani mkewe amezubaa. Kisha akasikia chai ikidondoka sakafuni. Alipoingia jikoni alimkuta mkewe amesimama wima, birika bado limeinama mkononi, chai imefurika mezani na inashuka kwenye kanga yake. Hakuwa akiitazama. Alikuwa amekiinamia kifua chake mwenyewe, kama mtu anayegongewa mlango kutoka ndani.

"Nakufa," alisema, polepole, kama anayeomba radhi.

Fundi hakumbuki walivyofika hospitali. Anakumbuka tu kwamba alikuwa na viatu vya aina mbili miguuni, na kwamba daktari alimbandika mkewe nyaya kifuani, akatazama mistari ikitoka kwenye karatasi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Moyo ni mzima, alisema. Shinikizo la damu liko sawa, sukari iko sawa. Huenda ni wasiwasi tu. Apumzike.

Fundi alifurahi, na papo hapo akaingiwa na taabu. Kwa mtu wa kazi yake, kuambiwa kifaa fulani ni kizima si mwisho wa habari. Maana yake ni moja tu: kosa liko kwingine, na bado halijakamatwa.

Na kweli halikuwa limekamatwa. Lilirudi kabla juma halijaisha, asubuhi vilevile, mkewe akikunja shuka. Likarudi sokoni, kwenye foleni ya nyanya, akaacha kikapu chini na kukimbilia kivulini. Kila mara ni yaleyale: moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi haifiki chini, na yule mwanamke aliyekuwa akiwasuka watu barazani huku akiwachekesha mpaka wanalalamika kuumwa na mbavu, anageuka kuwa mtu anayetafuta mahali pa kujishikilia.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani wa kushoto alisema ni damu kuwa nyepesi. Jirani wa kulia alisema ni damu kuwa nzito. Dada yake fundi, aliyekuwa na duka la viatu na aliyezoea kumwona mtu kwa kuanzia miguuni, alisema wifi yake anasimama sana. Fundi aliwasikiliza wote kwa adabu, akijua moyoni kwamba wanabahatisha. Yeye hakuwa mtu wa kubahatisha.

Njia yake ilikuwa ya zamani na haikuwahi kumwangusha. Friji likisumbua, hukimbilii dukani kununua vifaa vipya. Unachomoa kifaa kimoja, unawasha, unasikiliza. Mlio ukiisha baada ya kuchomoa feni, basi mkosaji ni feni. Usipoisha, unairudisha feni na kuendelea na kingine. Subira tu, na masikio. Mwishoni kosa hukosa pa kujificha.

Alianza na majani ya chai. Alisikia mahali kwamba chai hukimbiza moyo, akaweka maziwa ya moto badala yake. Kisha akaondoa redio, kwa sababu ya taarifa ya habari na vita vyake. Kisha soko: akawa anakwenda mwenyewe na kurudi na vitunguu vilivyoota majani, ambavyo mkewe alivipokea bila neno. Tofauti moja tu ilikuwepo kati ya kazi hii na ile ya karakana, naye hakuiona. Hakurudisha kitu alichokichomoa. Aliogopa kurudisha. Kwenye friji la mteja unaweza kujaribu na kukosea. Kwa mkewe hakutaka hata mshtuko mmoja wa kujaribia.

Ikafika zamu ya wateja.

Aliyekuja siku hiyo alikuwa rafiki wa mkewe, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kicheko, maana alianza kusikika kabla ya kuonekana. Alikuwa amefumua nusu ya kichwa tayari, njiani. Fundi alimzuia barazani na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayelinda wodi, kwamba Shangazi anapumzika. Shangazi ndilo jina ambalo wateja walimwita mkewe.

"Anapumzika mpaka lini, shemeji? Nimefumua nusu kichwa. Nirudi hivi nyumbani, mume wangu aulize nimepigana na nani?"

Fundi alimweleza kuhusu daktari, kuhusu kelele, kuhusu mambo anayoyaondoa moja baada ya jingine. Mama Kicheko alisikiliza, kiganja kimebana upande ule wa nywele uliosimama.

"Na wewe je?" akasema. "Umejiondoa lini? Labda amekuchoka wewe." Akacheka kile kicheko chake, akamgonga fundi begani, akaondoka akiwa amejifunga kitambaa.

Fundi naye alicheka. Alipomaliza kucheka alibeba mabenchi ya kusukia, moja moja, akayaweka stoo. Lakini ule utani haukwenda stoo na mabenchi. Ulibaki naye, mdogo, mgumu, kama mchanga ulioingia kwenye kiatu.

Baada ya hapo nyumba ilitulia. Mishtuko ilipungua. Mkewe aliamka, akafagia, akakaa. Akiulizwa anajisikiaje alijibu, "Vizuri tu." Aliweka vidole shingoni mara kwa mara, chini ya taya, na fundi alifikiri anajikuna. Hakuimba, lakini mtu anayepumzika haimbi. Binti yao alipopiga simu kutoka chuoni, mbali, fundi alimwambia kwamba mama yake anaendelea vizuri sana, chanzo ni kelele tu, na kelele zimekwisha.

Dada yake ndiye aliyemharibia furaha. Alikuja kumwona wifi yake, akakaa naye jioni nzima, akatoka ameshika viatu vyake mkononi kana kwamba amesahau matumizi yake.

"Kaka, nimeongea mimi, yeye ameitikia," alisema. "Kuitikia tu. Huyo unayesema ametulia, mimi sijamwona humo ndani."

Fundi alikasirika kidogo, kama anavyomkasirikia mteja asiyelipenda friji lililokwisha kupona. Pengine angeendelea kukasirika kama siku iliyofuata asingekuja mzee mmoja mwenye duka la vinywaji, akisukuma friji lake kwenye mkokoteni.

"Lilikuwa linanguruma usiku na mchana, fundi," alisema yule mzee. "Sasa limeacha lenyewe, kimya kabisa. Nimelileta tu uliangalie gesi."

Fundi aliweka sikio ubavuni mwa friji, akatabasamu, akatoa mzaha ambao amewapa wateja tangu alipokuwa kijana. "Friji lisilotoa sauti hata kidogo halijapona, mzee wangu. Limekufa. Lililo zima hunguruma, hunyamaza, hunguruma tena."

Mzee alicheka. Fundi alibaki na bisibisi hewani. Upande wa pili wa ukuta hakukuwa na sauti yoyote, si kifuniko, si wimbo, si hatua ya mguu. Alimwomba mzee radhi, akaingia ndani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, uso kuelekea ukutani. Hakuwa amelala. Hakuwa akifanya kitu. Alimtazama mumewe na kumpa lile tabasamu la mtu anayewaachia wengine nafasi kwenye kiti.

Dada yake fundi alikuwa amewahi kumtajia muuguzi wa afya ya akili kwenye kituo cha afya, na fundi alikuwa amewahi kujibu kwamba mke wake si kichaa. Sasa alilitaja jambo hilo kwa kuzungukazunguka, akieleza kwamba si lazima, kwamba watu wengi siku hizi huenda, kwamba hata—

"Twende," mkewe alisema.

Chumba cha muuguzi kilikuwa kidogo. Kulikuwa na viti vitatu visivyofanana, dirisha lenye pazia la kijani, na feni ya mezani iliyolalamika kila ilipogeukia kushoto. Fundi aliisikia mara moja kuwa inahitaji grisi. Muuguzi alikuwa mwanamke mwenye miwani mikubwa na mafua, aliyezungumza bila haraka. Aliuliza mama amekuwa akijisikiaje.

Fundi akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, tangu chai mpaka mabenchi. Muuguzi alimwacha amalize.

"Baba, unamjua mama vizuri," alisema. "Umeangalia mambo ambayo waume wengi hawayaangalii. Sasa naomba niyasikie kwake."

Feni ikalalamika, ikanyamaza. Halafu mkewe akaanza, na alipoanza, fundi alisikia mambo ambayo aliyaishi bila kuyajua. Kwamba mama yake mzazi alikuwa na hali hiihii, na kwao waliifungia dirisha na kuiita uchovu. Kwamba tangu binti aende chuoni, kuna saa za mchana ambazo nyumba inakuwa kubwa mno. Kwamba dada yake, yule aliyemfundisha kusuka, alipofariki ghafla mwaka uliopita, watu walimsifu kwa kutolia, naye akaona aibu kuanza kulia wakati wenzake wamekwisha kumaliza. Na kwamba tangu wakati huo huuhesabu moyo wake. Kila siku, vidole shingoni. Ukienda haraka anaogopa, akiogopa unakwenda haraka zaidi.

Fundi alitazama mikono yake. Na yeye alikuwa amefikiri mkewe anajikuna.

"Kwa hiyo kilichoharibika ni nini?" aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia.

Muuguzi alipenga kamasi, akaomba radhi, akafikiri. "Hakuna kilichoharibika, baba. Hofu ni kitu kizuri, ndiyo inayotuvusha barabara. Ya mama inaamka mahali pasipo na gari. Wewe unataka kosa moja, na ningekuwa nalo ningekupa. Lakini kwa watu haiji hivyo. Kuna alichozaliwa nacho, pengine kutoka kwa mama yake. Kuna msiba alioumeza bila kulia. Kuna nyumba iliyobaki tupu. Kila kimoja peke yake angekibeba. Vimekutana."

Kisha akaeleza kilichobaki, na hapo alichagua maneno kwa uangalifu, kama mtu anayepita kati ya vyombo vya udongo. Mtu anapokwepa kitu, alisema, hofu hujipongeza. Humwambia: unaona, umenusurika kwa kuwa hukwenda. Kesho inadai akwepe kingine. Dunia inapungua, na hofu inanenepa. Kwa hiyo wataanza kurudisha vitu, polepole, kimoja kimoja, mama mwenyewe akichagua. Moyo ukianza kukimbia asikimbie nao. Akae, mwingine akae naye, mpaka upite wenyewe. Utapita. Na yeye atakuja hapa kila juma, na kuna siku watamzungumzia dada kwa kirefu, na akitaka kulia hapa hakuna mtu atakayeangalia saa.

Alimwambia fundi kwamba hakukosea kwa ubaya. Aliondoa kelele kwa upendo. Fundi aliitikia kwa kichwa, akashukuru, na katika maneno yote hayo akatoka ameshika neno moja tu, kwamba alikosea.

Vitu vikaanza kurudi. Mkewe aliichagua redio kwanza. Kisha akaenda sokoni na wifi yake, akatetemeka kwenye foleni, akakaa, akarudi na nyanya na uso wa mtu aliyepigana na kushinda kwa shida. Mabenchi yalitoka stoo. Siku Mama Kicheko aliporudi, kicheko chake kilimfikia fundi karakanani, na chini yake, hafifu, akasikia mkewe naye akicheka. Alilazimika kuacha alichokuwa akikifanya.

Lakini asubuhi zilibaki vilevile. Mchana mkewe alikuwa karibu mtu yule wa zamani. Asubuhi, wakati fundi anapochukua funguo za karakana, uso wa mkewe hubadilika. Na fundi, aliyekwisha kuambiwa kwamba watu si mafriji, akafanya alichokifanya maisha yake yote. Chai haikuwa mkosaji. Redio haikuwa mkosaji, wala soko, wala wateja. Vyote vilichomolewa na kurudishwa. Kulikuwa na kifaa kimoja kilichokuwepo kila asubuhi, kisichowahi kuchomolewa hata siku moja. Ule mchanga kwenye kiatu ukawa jiwe.

Hakumwambia mtu. Alimwambia mkewe kwamba amepata kazi ya vyumba vya baridi, upande wa mji anakokaa dada yake, na kwamba itakuwa rahisi kulala huko kwa muda. Dada angekuwa anapita kumwangalia. Mkewe alimtazama, akasema, "Sawa." Alisema sawa kwa namna ambayo mtu mwenye masikio yale alipaswa kuisikia.

Asubuhi ya kuondoka alifunga begi mwenyewe, akatokea barazani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kitana mkononi, hana wa kumsuka.

"Kazi gani hiyo ya vyumba vya baridi," aliuliza, "inayotaka mto?"

Fundi alitazama kwapani. Mto ulikuwepo kweli. Alijaribu kusema kwamba mito ya dada yake ni migumu, lakini mkewe hakuwa akimsikiliza tena. Kitana kilikuwa kimeanguka. Vidole vilikuwa vinapanda kuelekea shingoni, na njiani vikajizuia, vikashika ukingo wa benchi.

Mikono ya fundi ilitaka kazi. Ilitaka kuleta maji, kumpepea, kusimamisha gari. Aliweka begi chini na kukaa kando yake, bega kwa bega, na mto ukabaki mapajani kwa sababu hakujua auweke wapi. Pumzi ya mkewe ilikuja fupifupi, ikapanda, ikafika mahali ambapo fundi mwenyewe alihisi hawezi kustahimili, na akastahimili. Mtu alipita barabarani na baiskeli, akawasalimu, fundi akainua mkono. Kisha, bila mtu yeyote kuiondoa, hofu ikaanza kushuka. Ilishuka kama maji yanavyozama kwenye mchanga, huoni yanakokwenda.

Mkewe alijifuta jasho la mdomo wa juu.

"Haya, sema sasa," alisema. "Unakwenda wapi?"

Fundi aliuminya mto. "Nimekuondolea kila kitu, na vyote vimerudi. Asubuhi bado unashtuka. Kila asubuhi, nikiwa hapa. Kilichobaki ni mimi. Nikaona niondoke kwanza, tuone kama utapona. Nilikwambia ni kazi ili, ukipona, nisilazimike kurudi kukuuliza kama mimi ndiye niliyekuwa nakuumiza."

Mkewe alimgeukia. Kwanza alionekana kama atamzaba kofi, kisha kama atacheka, na kicheko ndicho kilichotangulia, kikavunjikia katikati.

"Mwanaume wewe," alisema. "Masikio yote hayo."

Aliokota kitana, akakisafisha kwa kanga, jino moja baada ya jingine, mpaka hakuna cha kusafisha. Alipozungumza hakumtazama.

"Kule kwa muuguzi sikusema yote. Dada yangu alifia jikoni asubuhi, na shemeji alikuwa sebuleni, anasoma gazeti. Alisikia kimya, akafikiri amekaa tu. Ukichukua funguo zile, mimi namwona shemeji na gazeti lake. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungehamisha karakana, ungebomoa ukuta. Usihamishe kitu, fundi. Usiende kwa dada yako. Naogopa kufa peke yangu wewe ukiwa karibu. Ni hilo tu, na nilikuwa nataka ulijue."